Wa Kunitajia Rangi

Tarehe 3 Februari

Mdogo wangu, Profesa wetu,

Nakusalimu kwa vidole vilivyokunjamana kwa maji, utajua sababu hapo chini. Huku hatujambo. Mama anaendelea vizuri, ila goti lake hulalamika asubuhi, likishapata joto linanyamaza. Baba Bosi yuko njiani na lori, akijaliwa atarudi Ijumaa. Na Bosi mwenyewe ametimiza miaka minne na nusu, na hiyo nusu anaidai kuliko ile minne. Ukimwambia ana minne ananuna.

Wewe je? Unakula? Najua simu huko bwenini ni marufuku, lakini kalamu hawajaipiga marufuku, kwa hiyo usiniletee visingizio.

Sasa sikia. Nimepata kazi! Pale shule ya sekondari mtaa wa pili, ndani ya maabara ya kemia. Usicheke. Naosha vyombo. Chupa, mirija, bakuli, vigae vyeupe. Fundi maabara ni mama mmoja wa makamo, wanafunzi wanamwita Mama Chupa, maana kila chupa anaijua kama bibi anavyowajua wajukuu, hata yenye kovu. Siku ya kwanza alinipa mrija mrefu mwembamba wenye koki chini, akaniambia, "Hii ni bureti. Ikivunjika tunalia wawili." Nikaibeba kama mtoto mchanga aliyelala.

Halafu nikawaona wanafunzi wakidondosha kitu kutoka kwenye hiyo bureti, tone, tone, tone. Darasa zima kimya utadhani wanavizia panya. Mara mmoja akapiga kelele, "Imegeuka!" Wote wakamkimbilia. Nilitaka sana kuuliza ni nini kimegeuka, nikaona haya, nina ndoo mkononi. Mimi niliiacha shule kidato cha pili Bosi akiwa tumboni, hata sikufika huko kwenye matone.

Nieleze basi, wewe ambaye kesho utakuwa mtu wa dawa mwenye koti jeupe. Nieleze kama unamweleza mtu anayekupenda lakini hajui kitu.

Mimi dada yako, mwosha chupa

*

Tarehe 27 Februari

Dada mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu, moja kwa habari, mbili kwa kucheka. Mimi ni mzima. Chakula kinaliwa, sisemi kitamu. Mwambie Mama goti alifunge kitambaa kabla hajatoka kitandani. Na Bosi mwambie mjomba anaitambua nusu yake rasmi.

Hongera kwa kazi. Ulichokiona ni hivi. Kwenye chupa ya koni unaweka alkali, sentimita za ujazo ishirini na tano kamili, unaipima kwa pipeti, mrija wa kunyonyea. Unatia matone mawili ya kiashiria. Kwenye bureti unajaza asidi. Mkono wa kushoto unashika koki, wa kulia unaizungusha chupa taratibu, kama mtu anayepoza chai. Asidi inadondoka mpaka imeimaliza alkali yote. Ikifika hapo unafunga koki papo hapo na kusoma bureti. Tone moja likizidi umeharibu. Unarudia mara tatu, na majibu lazima yakaribiane. Ukishajua umetumia asidi kiasi gani, hesabu inakuambia nguvu yake. Hesabu ndiyo sehemu yangu, dada. Hapo hakuna wa kunigusa.

Siri ya kazi yako: bureti isuuzwe kwa asidi yake baada ya maji, lakini chupa ya koni isuuzwe kwa maji tu. Ikibaki alkali humo, jibu la mtoto wa watu linaharibika na hatajua kwa nini.

Sisi hufanya wawili wawili. Mwenzangu tunamwita Jirani, ana miguu mikubwa na roho kubwa kuliko miguu. Mimi napiga hesabu, yeye ananisaidia mengine.

Nawabusu wote, Bosi mara nne na nusu.

Mdogo wako

*

Tarehe 20 Machi

Profesa,

Hatujambo, Mungu anatusitiri. Baba Bosi alikuja akakaa siku mbili, akatengeneza mlango wa jikoni, akaondoka, mlango ukaharibika tena siku hiyo hiyo. Mama kaufunga kitambaa mguu anaringa nao, anasema daktari wake yuko bwenini.

Nilimsomea Mama Chupa maelezo yako. Akasema, "Huyu kijana anajua. Lakini mbona hakutaja rangi?" Nikarudi kusoma. Kweli! Umetaja sentimita, umetaja mkono wa kushoto na wa kulia, hata chai umeipoza, ila rangi hakuna. Mama Chupa akanifanyia mwenyewe saa za mapumziko. Kile kiashiria kinaitwa methili oranji, kwenye alkali ni manjano kama kiini cha yai. Akadondosha, akadondosha, halafu tone moja tu, maji yakawa ya rangi ya chungwa yakikimbilia wekundu. Nilishika mdomo. Mdogo wangu, mtu unaonaje kitu kizuri namna ile kila wiki halafu unaniandikia "ikifika hapo"?

Labda kwako imekuwa kawaida.

Habari nyingine ni ya Bosi. Jana naanika nguo, namwambia nipe kibanio chekundu, ananipa cha kijani. Nipe cha kijani, ananipa chekundu. Mara ya nne nikamfokea, "Unanichezea mimi?" Akaweka kikapu chini akalia bila sauti. Unamjua Bosi, huyo mtoto akilia mtaa mzima huarifiwa. Kile kilio cha kimya kimenikaa kifuani mpaka sasa. Hivi hakikukumbushi kitu?

Niandikie upesi.

Dada yako

*

Tarehe 11 Mei

Dada,

Samahani kwa kuchelewa. Mtihani wa majaribio umepita. Mimi ni mzima. Wasalimie.

Nimeamua kuacha kemia. Usiniulize kwa nini, na Mama usimwambie kwanza. Yapo masomo mengine. Si kila mtu lazima awe mtu wa dawa.

Kuhusu Bosi, usimfokee. Yeye ni mtoto tu.

Mdogo wako

*

Tarehe 19 Mei

Mdogo wangu wa damu,

Salamu. Sote tupo. Mama hajui, na hatajua kwa mdomo wangu.

Sikuulizi. Mimi nitasema tu, wewe usome.

Jumamosi nilikwenda na Bosi kazini. Mama Chupa akapanga mirija minane ya maji ya rangi kwenye kishikizo, akamwambia, "Bosi, nioneshe mapacha." Bosi akaweka bluu na bluu, sawa. Manjano na manjano, sawa. Halafu akachukua kijani na kahawia akaviweka pamoja, akamtazama yule mama kwa fahari kabisa, kama mtu aliyemaliza kazi. Mama Chupa hakucheka. Akaniambia, "Mwanao haoni vibaya. Anaona kwa namna yake. Nyekundu, kijani na kahawia kwake ni ndugu wa tumbo moja." Nikauliza tiba. Akasema si ugonjwa, ni maumbile, na hupitia kwa mama, mama mwenyewe haimdhuru, bali huwashika zaidi watoto wa kiume. Halafu akaniuliza, "Kwenu una kaka au mdogo wa kiume?"

Nikaosha chupa moja mpaka ikakaribia kuyeyuka.

Unakumbuka hadithi ya babu mzaa Mama, fundi rangi, aliyeambiwa apake geti kijani akapaka kahawia? Mwenye nyumba alipokuja juu, babu akamjibu, "Hiyo ni kijani iliyokomaa." Tumecheka hadithi hiyo tangu tunazaliwa.

Na unakumbuka Baba alivyokutuma nyanya mbivu ukaleta mbichi mfuko mzima? "Nimekutuma nyanya umeniletea mawe!" Tangu siku ile ukawa unazibonyeza kwa dole gumba, na yule muuzaji anakufukuza, "We mtoto, acha kuzikanda nyanya zangu!" Mimi nikawa naenda nawe, nakunong'oneza, hii, siyo hiyo. Ulipoanza darasa la kwanza nilichukua kisu nikachora mikato kwenye penseli zako za rangi, mkato mmoja nyekundu, miwili kijani, mitatu kahawia. Nilidhani wewe ni mzito wa kukariri majina, basi. Sikumwambia mtu, nilitaka mwalimu asikuchape.

Kumbe nilikuwa nakufunika. Kila nilipokutajia, watu wazima walizidi kutokujua. Nimeliwaza hili wiki nzima nikiwa na sabuni mkononi, na kila nikifika mwisho wake naona ni mimi.

Kama nimekosea, nicheke. Kama sijakosea, niandikie hata mstari mmoja.

Dada yako ambaye hajaacha kukupenda tangu siku ulipoletwa ndani umefungwa shuka

*

Tarehe 30 Juni

Dada,

Natumaini barua hii inawakuta salama, goti na lori na nusu ya Bosi.

Hujakosea.

Niliandika mistari mingi nikaichana. Hii sitaichana.

Kila wiki kwenye meza ya maabara natazama chupa ya koni na inabaki vile vile. Wenzangu wanapiga kelele imegeuka, mimi naona maji yale yale. Jirani hakuwahi kuniuliza kitu. Siku moja kidato cha tatu aliona nimepitisha nusu ya bureti nzima bila kufunga koki, akanitazama, kipindi kilichofuata rangi ilipogeuka akanikanyaga mguu. Ndivyo tunavyofanya mpaka leo. Anakanyaga, nafunga. Majibu yangu ya maabara yamekuwa bora darasani kwa sababu ya kiatu cha mtu mwingine. Mimi namlipa kwa kumfundisha hesabu.

Mtihani wa majaribio walitutenganisha meza. Jirani yuko ukutani kule, mimi katikati. Nikadondosha, nikadondosha, hakuna mguu. Nikachungulia bureti ya aliye mbele yangu, nikaandika 24.3. Mwalimu alikuwa ametega. Aliweka asidi za nguvu mbili, meza hii moja, meza inayofuata nyingine, apate kuwanasa wanaochungulia. Jibu la meza yangu lilikuwa kumi na nane na kitu.

Aliniita ofisini. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali. Akasema, "Wewe ndiye niliyekuwa nakutegemea." Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia nilikuwa mvivu. Dada, niliona heri niitwe mwizi kuliko niitwe kipofu. Mwizi akitubu anasamehewa. Mimi nikitubu nitaona nini?

Amesema nilete barua ya mzazi. Sijaleta. Nimeomba jina langu litolewe kwenye orodha ya mtihani wa kemia, amekataa kutia sahihi mpaka nimpe sababu inayoeleweka. Orodha inafungwa mwisho wa Agosti.

Usijilaumu kwa penseli. Ile mikato ndiyo iliyonifanya nipende shule.

Mdogo wako

*

Tarehe 9 Julai

Profesa,

Nimelia, nimenawa uso, sasa naandika. Huku wazima. Baba Bosi nilimweleza, yeye si mtu wa kusema ovyo. Akasema tu, "Sasa taa za barabarani anajuaje?" Bosi akamjibu toka uvunguni, "Ya juu simama, ya chini nenda!" Baba yake hakuwahi kumfundisha. Unaona? Ameanza kupanga mbinu zake akiwa na miaka minne.

Na nusu.

Nilimwuliza Mama Chupa kama mtu asiyeona rangi ile anaweza kupata jibu bila kukanyagwa. Hakuniuliza ni nani. Akafikiri siku mbili. Siku ya tatu akaja na ganda la peremende, lile karatasi la kijani linaloonyesha ng'ambo. Akaniwekea chupa mbili, ya manjano na ile iliyogeuka, akasema, "Weka jichoni." Mdogo wangu! Ya manjano iliwaka kama dirisha lenye jua. Ile nyingine ikaingia giza, nyeusi kama imetiwa kahawa. Hakuna cha rangi hapo, ni mwanga na giza tu. Tukamwita Bosi mlangoni, tukampa lile karatasi, ipi imezimika? Akaigusa. Tukazibadilisha mahali, akaigusa tena. Mara sita, hakukosa hata mara moja.

Ninalo hapa, nimelikunjua kwa mgongo wa kijiko, nimelitia ndani ya barua hii. Lakini Mama Chupa amenionya, na mimi nakuonya. Ukikutwa nalo mfukoni siku ya mtihani ni kesi ya pili, na hakuna atakayesikiliza. Lazima mwalimu ajue kwanza. Na anasema hata ukiwa na karatasi, kwenye kuchunguza chumvi, pale mashapo yanayotuama chini ya mrija yanapokuwa ya kijani au kahawia, utahitaji mtu wa kukutajia, na huyo ataruhusiwa ikiwa shule imeomba.

Kwa hiyo nimeandika barua kwa mwalimu wako. Sikuituma kwake. Ipo humu, haijafungwa, uisome. Ukitaka mpe, ukitaka ichane. Hii ndiyo yenyewe:

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni dada wa huyu kijana, kazi yangu ni kuosha vyombo vya maabara, kwa hiyo najua kidogo unachokipigania. Mdogo wangu alichungulia, ni kweli, na ni kosa. Lakini hakuchungulia kwa uvivu. Nyekundu na kijani kwake ni kitu kimoja, tangu kuzaliwa, kama babu yetu, na kama mwanangu. Alijifunza kuficha toka kwangu. Nilimtajia rangi akiwa mdogo badala ya kuwaambia wakubwa. Naomba adhabu yangu usimpe yeye. Kichwa chake ni kizima. Nakuomba umtafutie mtu wa kumtajia rangi kwa ruhusa, mbele ya watu, ili asitajiwe tena kwa kujificha. Ni mimi, dada yake."

Safari hii sitakunong'oneza, mdogo wangu. Chagua.

Dada

*

Tarehe 24 Julai

Dada,

Imefika. Karatasi ipo ndani ya daftari la hesabu. Barua ya mwalimu ipo chini ya godoro. Nipe muda. Usiniandikie mpaka nikuandikie.

Msalimie Bosi.

*

Tarehe 15 Agosti

Hii siyo barua. Nimetii. Ni mchoro wa Bosi tu, anasema ni wewe. Miguu mikubwa ni ya rafiki yako. Nywele amezipaka kijani, na mimi sikumsahihisha.

*

Tarehe 2 Novemba

Dada yangu,

Nianze kwa salamu maana umevumilia kuliko Ayubu. Hamjambo nyote? Mama anaamkaje? Hapa mtihani wa kemia kwa vitendo umekwisha jana, na mkono bado unanuka asidi, kwa hiyo naandika haraka kabla harufu haijaisha.

Barua yako sikuitoa mapema. Kila asubuhi niliinua godoro, nikaiona, nikalishusha. Siku ya mwisho ya orodha mwalimu alinikuta maabara, karatasi ya majina mkononi. "Sababu," akasema. Nilikuwa nimeiandaa hotuba ndefu, ikapotea yote. Nikachukua mirija miwili ya mashapo iliyoachwa mezani na kidato cha tatu, niliwasikia wakisema rangi zake hazifanani. Nikamwuliza, "Mwalimu, hizi ni rangi ngapi?"

"Mbili. Kijani na kahawia."

"Mimi naona moja."

Akanitazama, akaitazama mirija, akaibadilisha mikono, akaniuliza, "Na sasa?" Nikamwambia, "Bado moja." Alivuta kigoda akaketi. Dada, mwalimu yule sijawahi kumwona ameketi ndani ya maabara. Akasema taratibu, "Miaka miwili nakusahihishia." Halafu akadai barua ya mzazi, kanuni ni kanuni. Nikakimbia bwenini nikamletea yako. Aliisoma mara mbili. Akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akasema hii haingii kwenye faili, faili itapata nakala.

Alama za kuchungulia hakunirudishia. Sifuri ni sifuri, amesema, na nimekubali.

Wiki iliyofuata nikasimama mbele ya darasa nikasema mwenyewe, maana habari ya maabara huvuja kabla ya gesi. Halafu mmoja nyuma akauliza, "Kwa hiyo uwanjani, sisi na wapinzani kwako ni timu moja?" Nikamjibu, "Ndiyo maana nawagawia wote pasi." Walicheka mpaka mwalimu akagonga meza. Nilidhani kicheko kile kitaniua. Kumbe kilipita kama mvua ya rasharasha. Na Jirani, unajua alisema nini? "Afadhali, kisigino kilianza kuniuma."

Shule iliomba, kibali kikaja. Karatasi ya kijani nikaruhusiwa, na msimamizi mmoja mama akawekwa karibu yangu wa kunitajia rangi pale tu nitakapouliza. Nilimwuliza mara tano kwenye chumvi. Hakucheka, wala hakunihurumia. "Kahawia," alisema, kama mtu anayetaja saa. Sijui kama unaelewa nilivyojisikia.

Kwenye kudondosha sikumwuliza. Niliishika karatasi kwa meno, maana mikono yote ina kazi, nikainamisha kichwa upande kama kuku anayetazama mwewe, mpaka ikawa kati ya jicho na chupa. Manjano ikawaka. Tone. Ikawaka. Tone. Halafu ikazimika, dada, kama mtu amefunga mlango. Nikafunga koki. Mguu wangu hakuna aliyeugusa. 22.4, nikarudia 22.5, nikarudia 22.4.

Matokeo yatakuja Januari. Yakiwa mabaya, angalau safari hii yatakuwa yangu.

Mdogo wako, kwa mkono wake mwenyewe

*

Tarehe 29 Januari

Profesa wangu,

Nimepewa habari yako na gazeti la ubao, yaani Mama Chupa aliyekuja mbio uani kwangu na kanga moja begani, anapiga kelele namba yako ya mtihani kama muuza samaki. Umefaulu! Na kemia umefaulu vizuri! Niliacha sufuria ikaungua. Ilikuwa maharage, tumeyala hivyo hivyo, na baba Bosi, ambaye hapendi chakula kilichoungua, aliomba kuongezewa.

Mama nilimweleza yote sasa, toka nyanya mpaka karatasi, maana ruhusa uliniandikia Desemba. Alisikiliza mikono mapajani. Nilidhani atauliza juu yako. Akasema, "Maskini baba yangu. Tulimcheka miaka yote ile." Akainuka akaenda chumbani, akarudi macho mekundu, akasema umletee hicho cheti akione kabla hujakiweka popote. Nami nakuomba uje upesi, hao watoto unaowafundisha hesabu huko watakusubiri, goti lake limesimamisha malalamiko kwa ajili yako.

Sasa sikia la juzi. Nilimpeleka Bosi kuandikishwa chekechea. Tumekaa mbele ya meza, mwalimu binti mpole, anajaza fomu. Jina, umri, (miaka mitano na nusu, alidai), chanjo. Halafu akaniuliza, "Mtoto ana tatizo lolote tunalopaswa kulijua?"

Profesa, nilikuwa nimejiandaa. Njia nzima nilikuwa naipanga sentensi, nisiifanye kubwa, nisiifanye ndogo. Nikavuta pumzi. Na hapo, nakiri kwako tu, nikaingiwa na woga ule ule wa zamani. Nikasema moyoni, labda nisiseme leo, nitamchorea tu mikato kwenye penseli.

Kabla sijafungua mdomo, Bosi akapanda magoti juu ya kiti, akaweka viwiko mezani kwa yule mwalimu, akamwambia, "Mimi nyekundu na kijani sizijui. Mjomba wangu pia hazijui, na amefaulu. Ukitaka nyekundu unitajie ni ipi."

Mwalimu akanitazama. Nikatikisa kichwa kukubali. Akaandika kwenye fomu, taratibu, kwa herufi kubwa. Akamwuliza, "Na bluu je?"

Bosi akamwangalia kwa huruma. "Bluu naijua. Kwani mimi mjinga?"

Dada yako